DAWA YANGU HAINA TYUBU

Kama Jumamosi iliyopita ulinikosa hapa gazetini, sikulaumu, ila umekosa fedheha ya nguvu. Shida yangu haihitaji maneno mengi: nimeacha dawa ya meno ya tyubu, na tangu hapo sijapata amani.

Jina langu Eliza. Hapa Uru, juu ya mji wa Moshi, wananiita Mama Pamela. Nimezaliwa Mabogini, kule bondeni kwenye majaruba ya mpunga, lakini baba yangu alikuja mkoa huu kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa akitokea Sumbawanga. Hilo la Sumbawanga ulishike, maana litarudi. Watu wanasema ndiko kwa wachawi, na mimi mwenyewe sijawahi kufika huko hata kwa bahati mbaya.

Yote yalianza mfereji ulipoziba. Mfereji huu unapita kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Augustino, baba wa mtoto wangu, na ukiziba, migomba na kahawa za ukoo mzima zinakosa maji. Watu wakaitwa kuuzibua. Kwenye tope zikatoka tyubu za dawa ya meno, maana takataka tunatupa mgombani na mvua ikija inazizoa. Tyubu za watu wengine hazikujulikana. Zangu zilijulikana. Mimi tyubu ikikaribia kwisha naichana kwa mkasi kwa urefu na kukwangua mpaka ya mwisho.

Mzee Kastori, baba mdogo wa Augustino na msimamizi wa mfereji, akaziinua juu. "Hizi zilizopasuliwa kama samaki ni za nani?" Wote wakanigeukia mimi. Nikaapa palepale kwamba tyubu haitaingia tena nyumbani kwangu.

Tukajaribu mkaa wa kusaga. Augustino akaenda ofisini na fizi nyeusi, wateja wakamuuliza kama amekunywa sumu. Nikanunua vidonge vya kutafuna kwenye duka la Nisreen, pale mjini Moshi. Mama mkwe, aliposikia ni vidonge vya dawa ya meno, akavimeza kwa maji ya moto kwa sababu jino lilikuwa linamuuma. Akashinda anabeua mnanaa na kusema jino halijapona, kwa hiyo nimemtapeli.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita. Sasa sikia ya Jumapili.

Kwanza ujue nilikuwa nakwenda kupoteza nini. Mimi na Augustino tunaishi pamoja miaka, mtoto anakwenda shule, lakini ndoa ya kanisani hatujafunga. Sikomuniki. Watu wakipanga foleni kwenda mbele, mimi nabaki kwenye benchi nawapisha miguu. Aliyekuwa amekaza ni mama mkwe, Mama Digna. Alikuwa hataki mwanawe aoe kyasaka. Ndivyo wanavyotuita sisi tusio Wachagga, na usiulize maana yake, si jina la sifa.

Mwaka huu akalegea. Padri akasema yuko tayari kutangaza ndoa, wazee wa pande zote mbili wakubaliane tu. Basi ikapangwa: Jumapili baba yangu atapanda Uru, watakaa, watakula pamoja, watataja siku. Ni hivyo tu. Kula na kutaja siku.

Jamani, hata kula hatukumaliza!

Wiki hiyo nilikuwa nimeshahama kutoka vidonge kwenda unga. Nisreen alinifundisha mwenyewe, akiwa nyuma ya kaunta yake na kikombe cha chai. "Eliza dada, vidonge ni ghali, utafilisika. Tengeneza unga. Soda ya kuokea, chumvi laini, karafuu ya kusaga, mnanaa mkavu. Weka kwenye chupa ya kioo, basi, umemaliza."

Nikatengeneza. Ukatoka unga wa rangi ya vumbi, wenye harufu nzuri. Nikautia kwenye chupa ya asali. Bafuni kwetu kuna unyevu na unga ungeganda, kwa hiyo chupa nikaiweka jikoni, kwenye shelfu.

Kosa langu halikuwa hilo. Kosa langu lilikuwa kwamba nilipoanza kuichukia plastiki nikaichukia yote kwa mpigo, kama mtu aliyeokoka jana. Jikoni kulikuwa na kopo la zamani la siagi ambalo Mama Digna alikuwa akitunzia magadi. Magadi yaliyosagwa, yale ya kulainishia maharage. Kopo lilikuwa limepauka na kupasuka mdomo. Nikalitupa, magadi nikayahamishia kwenye chupa ya asali. Chupa pacha wa ile yangu.

Najua unachotaka kusema. Nyamaza kidogo.

Nilikuwa na akili zangu. Chupa ya dawa ya meno niliifunga kitambaa shingoni ili ijulikane. Nilichana kipande kwenye mfuko wa mabaki ya nguo, kikatoka chekundu. Kingetoka cha bluu, leo nisingekuwa gazetini.

Jumapili asubuhi wifi yangu Magreth akafika kutoka Dar. Magreth ni mdogo wa Augustino, ana mdomo, na akija nyumbani lazima asafishe kitu ili aonekane amekuja.

"Wifi, jikoni kwako nimepiga pasi mpaka shelfu," akaniambia. "Kuna chupa ulikuwa umeivisha tai, nikaivua. Wageni wangetucheka."

Mimi nilikuwa navaa viatu nikampokee baba barabarani. Nikasema, "Asante, wifi." Hivyo tu. Nilisema asante!

Baba alikuwa amevaa koti lake la Krismasi, jirani yake mmoja wa Mabogini amembebea gunia la mchele. Mzee Shedrack, baba yangu, si mtu wa maneno. Miaka yote aliyokaa na kelele za mashine za miwa imemfanya aongee tu pale inapobidi. Akanishika mkono akaniuliza, "Mama mkwe wako ameamkaje leo?"

"Ameamka vizuri, baba. Anapika kiburu kwa mkono wake mwenyewe."

Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Kiburu ni ndizi na maharage, chakula cha nyumbani kabisa. Mama Digna angeweza kuagiza pilau wageni wakaondoka na heshima zao. Lakini alisema kama huyu kweli anakuja kuwa mkwe, basi ale tunachokula. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, lakini kiburu ndicho kilichonitoa machozi. Nilijua nimekubaliwa.

Tukaingia. Wazee wamekaa uani chini ya turubai, Mzee Kastori kwenye kiti cha mikono. Mama Digna akampa baba yangu mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu sana, mkwe. Nyumba ni yako."

Mkwe! Nilimwangalia Augustino, naye akaniangalia. Alikuwa na shati jeupe na meno safi, na nikasema moyoni, Mungu ni mwema, hata mkaa ulitoka.

Kiburu kikaletwa. Baba, mgeni, akapewa wa kwanza. Augustino akapewa kando yake. Mzee Kastori akabariki chakula, wakaanza.

Baba akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaendelea tena polepole, kama mtu anayekanyaga giza.

Augustino akasema, "Mama, leo umeweka nini?"

"Nimeweka nini tena? Ndizi, maharage, magadi."

Mzee Kastori akaonja. "Kuna karafuu humu."

"Karafuu? Shemeji, hii ni pilau?"

"Kuna karafuu. Na kuna kitu kinapoza koo. Nikivuta pumzi nasikia baridi."

Nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa. Harufu ikanifikia. Nikaliweka jagi chini, nikakimbilia jikoni. Kwenye shelfu chupa mbili, zote uchi, moja imepungua nusu. Nikaifungua nikainusa.

Sasa hapa naomba unihurumie. Mtu mwenye akili timamu angerudi taratibu, akamwita mama mkwe pembeni, akamnong'oneza. Mimi nilimwona baba yangu ameinua kijiko kingine. Nikatoka mbio nikapiga kelele mbele ya ukoo mzima:

"Msile! Msile jamani, hiyo ni dawa yangu!"

Vijiko vyote vikabaki hewani.

Hebu litamke mwenyewe hilo neno. Miaka yote tunasema dawa ya meno na hakuna anayeshtuka, kumbe kinachotulinda ni tyubu. Iondoe tyubu, weka unga kwenye chupa, umpe mwanamke aishike jikoni, halafu aseme "dawa yangu". Hakuna anayefikiria meno.

Mama Digna akaweka sahani chini. "Dawa yako?"

"Ya meno, mama. Dawa ya meno."

"Dawa yako imeingiaje kwenye chakula cha mwanangu?"

"Mama, ni nyie mmeiweka! Mmedhani ni magadi!"

"Kwa hiyo ni mimi ninayemwekea mwanangu dawa."

"Sijasema hivyo, mama."

"Dawa ya meno naijua, Eliza. Iko kwenye tyubu. Ina picha ya meno. Ukiminya inatoka. Hii, tyubu yake iko wapi?"

"Haina tyubu, mama. Ndiyo maana yake nzima, haina tyubu."

"Haina tyubu, haina jina, haina picha. Unga. Umekaa jikoni karibu na chungu."

Magreth naye, kana kwamba kaniona sijazama vya kutosha, akasema, "Na ilikuwa imefungwa kitambaa chekundu."

"Chekundu?" Mzee Kastori akauliza kwa sauti ya chini.

"Chekundu, baba mdogo. Mimi nikadhani urembo. Kumbe!"

Nieleze vipi sasa? Nianze na mfuko wa mabaki ya nguo? Nilikuwa nataka kulia na nataka kupiga mtu, na vyote viwili haviruhusiwi mbele ya wakwe.

Mzee Kastori akamgeukia baba yangu. Akamwuliza kwa adabu kabisa, na hapo ndipo iliponiuma.

"Mkwe, samahani. Nyie hasa, asili yenu ni wapi?"

"Mabogini," baba akasema.

"Kabla ya Mabogini."

Baba akapangusa mdomo. "Sumbawanga."

Mtu nyuma akavuta kiti. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba, na huyo ni jirani, hata kualikwa hakualikwa.

"Mzee mwenzangu," baba akasema, "mimi Sumbawanga niliondoka kijana, sina hata godoro. Hiyo dawa ningeibebea wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe sikucheka, na baba yangu huwa hatanii mara mbili kwa mwaka.

Nikamwangalia Augustino. Aseme basi! Wiki nzima amesugua meno na ule unga, amelalamika una chumvi, ametema kwenye sinki lile lile ninalotemea mimi. Augustino alikuwa anaiangalia sahani yake.

"Baba Pamela, waambie."

"Nawaambia," akasema. "Ni kweli huwa tunapigia mswaki. Unga kama huo."

"Kama huo, au huo?" Magreth akauliza.

Augustino akarudisha macho kwenye sahani. Augustino ni mtu mzuri, nitalisema hilo mpaka kesho, lakini ana ugonjwa wa kusema ukweli nusu ili asigombane na mtu.

Nikasema, sawa. Shahidi ninaye. Nikatoa simu nikampigia Nisreen, nikaweka spika, nikaishika juu ili ukoo wote usikie. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilitabasamu.

Nisreen akapokea kabla sijasema hata halo. Dukani kwake kulikuwa na kelele za wateja.

"Eliza dada! Vipi, mume ameshaikubali?"

"Nisreen, sikiliza..."

"Nilikuambia mimi! Wanaume mwanzo wanasumbua. Mwekee kidogo kidogo, asijue tofauti. Akishazoea hatataka nyingine tena maisha yake yote. Mume wangu mwenyewe nilimfanya hivyohivyo."

"Nisreen, niko na wakwe, waambie ni ya meno..."

"Ngoja, nina mteja hapa, nitakupigia."

Ikakata.

Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Inatumika.

"Hatataka nyingine," Mama Digna akarudia, taratibu, neno kwa neno. Kisha akajishika kifua akaanza kulia, na hakuwa akiigiza. Alilia kama mama aliyefiwa. "Augustino wangu. Ndiyo maana. Nilikuwa namwambia aache, hasikii. Nikasema ni upendo. Nikasema basi, mwanangu anapenda, nimwachie. Kumbe!"

Kilio kile kilinivunja kuliko matusi. Kwa sababu nilielewa. Alikuwa ameshanikubali. Alikuwa ameshinda kiburi chake kwa ajili yangu, akapika kwa mkono wake, na sasa alikuwa anaona haya kwamba alidanganywa.

Nikasema, "Leteni chupa. Leteni na mswaki wangu. Nitapiga mswaki hapa hapa, mbele yenu nyote. Kama ni limbwata la mapenzi, liniue mimi."

"Eliza, mwanangu," baba akasema, "kaa chini."

"Sikai, baba! Leteni!"

Magreth akaenda jikoni. Akarudi na chupa mkono mmoja, mswaki mkono mwingine. Usiniulize kwa nini sikunusa. Pua ilikuwa imeziba kwa kulia, na ua wote ulikuwa unanukia karafuu. Rangi ni ileile. Chupa ni ileile. Nikachota vizuri, tena nikachota kwa kiburi, mswaki umejaa mpaka pembeni, nikaupeleka mdomoni nikasugua kama nasugua sufuria.

Yalikuwa magadi.

Kama hujawahi kutia magadi makavu mdomoni, usijaribu. Kwanza uchungu, halafu moto, halafu kila kitu kinakuwa utelezi. Fizi ziliwaka. Mate yakajaa nikashindwa kuyameza. Nikainama nikatema, nikakohoa, machozi yananitoka, nashika meza, kitambaa cha meza kikaja na sahani zake. Kiburu cha mama mkwe kikamwagika miguuni pa Mzee Kastori.

Nikataka kusema "ni magadi". Ulimi ulikuwa umekufa ganzi, nikatoa mlio tu. Nikawa naonyesha chupa kwa kidole huku povu linanitoka.

"Yesu na Maria!" akasema yule jirani ambaye hakualikwa. "Imemgeukia mwenyewe."

Watu wakarudi nyuma. Nilikuwa mwanamke mwenye povu mdomoni, nanguruma, naonyesha chupa. Hata mimi ningejikimbia.

Baba peke yake ndiye aliyenifuata. Akanishika shingo kama nilipokuwa mtoto, akanimiminia maji ya lile jagi la kunawa mdomoni, nikasukutua, nikatema, akanimiminia tena. Koti lake la Krismasi likalowa mikono yote.

Ulimi uliporudi kidogo, nikasema kwa tabu, maneno mazito kama ya mlevi, "Hii ni magadi. Magreth ameleta chupa ya magadi."

Magreth akaweka mikono kiunoni. "Jamani, mnasikia? Mwanzo ilikuwa dawa. Ikawa dawa ya meno. Sasa ni magadi. Jioni itakuwa nini?"

Nilimwangalia yule mtoto wa watu. Alikuwa amesema kweli kabisa. Nilikuwa nimesema hayo yote, kwa mdomo wangu, na yote yalikuwa kweli, na kila ukweli niliotoa ulizika ule wa kwanza.

Mzee Kastori akasimama, akapangusa ndizi kwenye viatu. Akasema kwa Kichagga maneno ambayo sikuyashika yote, kisha akageukia Kiswahili kwa heshima ya baba yangu.

"Sisi hatufukuzi mtu. Huyu ni mama wa mtoto wetu. Lakini Mama Digna ameumia mbele ya watu. Kwetu kuna njia. Eliza achukue isale, ampe mama mkwe wake, aombe msamaha. Isale halikataliwi. Akishalitoa, yameisha, tunataja siku ya ndoa leo leo."

Isale ni lile jani refu linalooteshwa kwenye mipaka ya vihamba. Ukimkosea Mchagga ukamletea isale, hana ruhusa ya kukukatalia. Ni kitu kizuri. Nimewaona watu waliotaka kuuana wakirudi kuongea kwa sababu ya jani hilo.

Watu wakashusha pumzi. Mama Digna akafuta macho akanyoosha mgongo kwenye kiti chake. Nilivyomwona, alikuwa anataka nilete. Alikuwa anataka yaishe. Hata yeye.

Lakini fikiria vizuri. Naomba msamaha wa nini? Nikisema samahani kwa kuweka chupa vibaya, hakuna atakayesikia chupa. Watasikia nimekiri. Nitaingia kanisani na shela, na kila aliyekaa kwenye mabenchi atajua huyu alimpata mume kwa unga wa Sumbawanga, na alikiri mwenyewe kwa isale. Pamela atakua akiambiwa. Na nisipolitoa, hakuna siku, hakuna ndoa, narudi Mabogini na gunia la mchele.

"Eliza," baba akaniita. Alikuwa ameshakwenda getini, koti linachuruzika. Jirani yake alikuwa kando yake. "Mwanangu, mimi sikulazimishi. Ila mimi kuitwa mchawi na kula ndizi kwa wakati mmoja siwezi. Nakusubiri hapa."

Hapo Augustino akainuka. Nikasema, sasa atasema. Akaenda mpakani mwa kihamba, akakata jani la isale, akalipangusa kwa shati lake jeupe, akarudi nalo. Akasimama mbele yangu, karibu kabisa, akashusha sauti ili mama yake asisikie.

"Nimekuletea, usihangaike. Toa tu yaishe."

"Wewe unajua ni dawa ya meno," nikamwambia. "Wewe unajua!"

"Najua." Akalizungusha jani mkononi. "Najua ya wiki hii."

"Maana yake nini, ya wiki hii?"

Akaangalia chini. Meno yake yalikuwa meupe, nilivyoyasafisha mimi.

"Sitakasirika, Eliza. Niambie tu ukweli. Ile siku ya kwanza nilipokuja kwenu Mabogini, mama yako akanipa wali, nikarudi Uru nikashindwa kulala, nikashindwa kula, nikamgombeza mama yangu kwa ajili yako." Akainua macho. "Ile ilikuwa mimi? Au nililishwa?"

Magadi hayakuniunguza hivyo.

Mama yangu ni marehemu. Wali ule aliukopea nazi kwa jirani kwa sababu mchumba wa binti yake anakuja. Na mimi miaka yote hii, nikigombana na maisha, kitu kimoja sikuwahi kukitilia shaka, kwamba huyu mwanaume alinipenda kwa akili zake. Mama yake akatae, Magreth aseme, wazee waulize asili. Hilo lilikuwa langu. Sasa yeye mwenyewe alikuwa ananiuliza kama ni kweli.

Nikanyoosha mkono nikalipokea jani.

Uani wakaguna kwa furaha. Mzee Kastori akasema, "Vizuri, mwanangu." Mama Digna akaweka mikono miwili mapajani, viganja juu, tayari kupokea.

Sikwenda kwa Mama Digna. Nilimkunjulia Augustino vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, nikamwekea jani katikati, nikavikunja tena.

"Wa kuomba msamaha ni wewe," nikasema. Ulimi bado ulikuwa mzito, lakini kila mtu alisikia. "Baba yangu yuko getini amelowa. Nenda kamwulize yeye kama mkewe alikulisha dawa. Au mpelekee mama yako hilo jani, umwombe radhi kwamba ulinipenda. Chagua wewe. Mimi leo nimeshatema vya kutosha."

Mama Digna akasimama. "Augustino!"

Augustino akaliangalia jani. Nilidhani atalitupa. Hakulitupa. Alilishika vizuri, akageuka, akaanza kutembea.

Ua wetu ulivyo, kutoka pale tulipokuwa tumesimama, njia ya kwenda kwenye kiti cha mama yake na njia ya kwenda getini ni moja mpaka ufike kwenye mgomba wa kwanza. Hapo ndipo zinapoachana. Augustino akafika kwenye ule mgomba akasimama, amenipa mgongo, isale mkononi.

Simu yangu ikaanza kuita. Alikuwa Nisreen. Sikuipokea.